Fainali ya Raga Tuliyoiangalia Nusu

Wenzangu mliokulia kwenye zile apatimenti za Euless, huku Marekani, enzi za kanda za video, mnakumbuka ndege zilivyokuwa zikipita juu ya mapaa yetu mpaka vijiko vikatikisika kwenye sahani? Mgeni akianza kisa, alilazimika kunyamaza katikati mpaka ndege ipite, kisha aulize, "Nilikuwa nimefika wapi?" Baba zetu wengi walikuwa kule kule uwanja wa ndege, wakipakia mizigo ya watu wanaokwenda makwao, na wao wenyewe kwao hawakukanyaga kwa miaka. Nazipenda siku zile, sitaki kusema uongo. Lakini iko Jumapili moja ambayo nikiikumbuka moyo huniuma hadi leo, Jumapili ambayo baba aliikosa sauti ya mwisho ya mama yake kwa sababu ya fainali ya raga.

Sisi watoto mchezo wetu ulikuwa rede, pale kwenye maegesho ya magari, kwa mpira wa soksi uliojazwa mifuko ya dukani. Mama Furaha, jirani yetu wa chini aliyetoka Kongo, alitukimbiza na mwiko tukigonga gari la mumewe, na jioni yeye huyo huyo alitubishia mlango na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao. Nyumbani mama alipika mahamri na mbaazi za nazi ya kopo, akinung'unika kila mara kwamba nazi ya kopo haina baraka. Ukimjibu baba kwa Kiingereza alijifanya kiziwi mpaka useme upya. Watoto wa leo ukiwaambia watoke nje wakacheze, wanakuuliza kama huko nje kuna intaneti.

Baba alicheza raga alipokuwa shule Mombasa. Sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba na kukunjamana kama andazi lililoharibika, na wenzake wa kazini walidhani ni ugonjwa. Yeye alilionea fahari. Alitufundisha kukumbatia mpira kwa mikono miwili, tukitumia mto wa kochi, na kaka yangu aliwahi kuvunja taa ya mezani akienda kuugusisha chini nyuma ya televisheni. Mama alipofoka, baba alisema, "Lakini alama amepata."

Kila mwaka kulikuwa na fainali ya ligi ya kulipwa ya kule kusini, iliyochezwa na timu za Afrika Kusini, Australia na New Zealand. Kwa baba na marafiki zake wa Pwani, siku hiyo ilikuwa Idi ya tatu. Televisheni zetu za kawaida hazikuionyesha. Aliyekuwa na dishi ni Mjomba Kombo wa Carrollton, dereva wa teksi, na yeye ndiye aliyeirekodi Jumamosi wenziwe wakiwa kazini. Jumapili baada ya adhuhuri walikusanyika kwetu waiangalie pamoja. Kati ya Jumamosi na Jumapili haikuruhusiwa mtu kuyajua matokeo. Walikula yamini kabisa. Hawakununua gazeti, hawakupigia simu nyumbani, na Mjomba Kombo, kwa kuwa alikwisha kuiona, aliingia na kanda mkononi huku ametia uso wa matanga, asije akatabasamu watu wakaelewa nani kashinda. Sisi watoto tulimzunguka tukimtekenya acheke. Hakucheka hata mara moja, na tulimheshimu kwa hilo.

Adui wao mkubwa alikuwa Ami Twaha, mdogo wake baba, aliyebaki Mombasa na bibi. Kule Kenya mchezo waliuona siku ile ile. Mwaka mmoja kabla ya huo ninaousimulia, Ami Twaha alipiga simu asubuhi ya Jumapili. Baba akasema halo, halo, na upande wa pili kimya. Alipokaribia kukata, Ami Twaha akapiga ukelele wa jina la timu iliyoshinda, akacheka, akafunga simu. Baba alinuna muda mrefu. Aliiangalia kanda kama mtu anayekula chakula kilichopoa.

Bibi hakuwa na habari na raga. Yeye alikuwa na Jumapili yake. Kila Jumapili asubuhi yetu, jioni yao, baba alikwangua kadi ya simu akampigia, na bibi alitaka mambo machache: umekula nini, umeswali, watoto wanasema Kiswahili? Karatasi za baba zilikuwa hazijakamilika, akitoka Marekani harudi, na wote wawili walilijua hilo. Miguu ya bibi ilianza kuvimba kwa kisukari, na kila mara kabla ya kuagana alimwambia baba maneno yale yale: "Kukuona sitakuona, mwanangu. Basi nikusikie."

Jumapili ya fainali baba hakupiga. Alimwogopa Ami Twaha asije akaidaka simu. Alisema atampigia bibi Jumatatu, Jumatatu si mbali. Mama alikuwa jikoni akikaanga viazi vya karai, nyumba nzima inanukia bizari na ukwaju, na baba amevaa jezi yake ya zamani iliyombana tumbo, anapanga viti. Simu ikalia. Akaipokea akidhani ni Mjomba Kombo.

"Halo?"

Hakuna jibu. Nilikuwa nimekaa chini karibu naye, nikauona uso wake ukibadilika ukawa wa mtoto mtundu.

"Twaha! Najua ni wewe. Leo hunipati. Usinambie! Sitaki kuisikia sauti yako, wallahi sitaki!"

Akaibamiza simu chini, akachomoa waya ukutani, akauinua juu kama mtu aliyekamata nyoka. Tulicheka sote. Mama peke yake alitoa kichwa jikoni, akauliza, "Na kama ni mama?"

"Mama hapigi," baba alisema. "Mimi ndiye nimpigiaye."

Ilikuwa kweli. Bibi hakuwahi kupiga simu maishani mwake.

Wageni wakaja. Mjomba Kombo akaingia na uso wake wa matanga, kanda ikatiwa mashineni. Nakumbuka nyasi za uwanja zile, kijani kibichi kupita kiasi, na wachezaji wameinamiana wanasukumana kama ng'ombe, na baba kapiga magoti mbele ya televisheni akiwafundisha kazi watu wanaolipwa kuifanya. Timu yake ilikuwa nyuma kidogo. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza mlango ulipogongwa, akaingia Mama Furaha, anahema kwa ngazi.

"Usiseme!" wanaume walipiga kelele kwa pamoja, wakicheka. "Mama Furaha, kama umesikia matokeo, usiseme!"

"Niseme nini?" alisema, akatutazama sote, kisha akamgeukia baba. "Baba Aisha, kuko simu yako kwangu kule chini. Ni dada yako wa Stafford. Anapiga huku kwenu haiingie. Analia tu. Ukuje mbio."

Baba akashuka na jezi yake. Mjomba Kombo akaisimamisha kanda, na pale kwenye kioo mchezaji mmoja akabaki hewani na mpira mkononi, hatui. Tukakaa tunamtazama. Kisha tukasikia chini ya sakafu sauti ambayo mimi sikuijua, nikamuuliza mama ni nani yule. Mama alikuwa amekwisha kujifunika mtandio usoni.

Shangazi alimweleza yote kwenye simu ile. Bibi alizidiwa, wakampeleka hospitali, na alichokitaka ni kumsikia mwanawe. Ami Twaha akapiga kwa simu yake ya mkononi, na mara ilipoanza kulia akamwekea bibi sikioni. Kile kimya baba alichokisikia kilikuwa bibi akivuta pumzi apate kusema. Ami Twaha akapiga tena na tena, simu ikawa inaita bila mtu. Bibi akamshika mkono akamwambia, "Yuko kazini. Msimsumbue." Saa nne ya usiku wao haikumkuta.

Viazi vya karai vya fainali vikaliwa matangani. Viti vilikuwa vimekwisha kupangwa, watu wamo tayari, na Mjomba Kombo hakuhitaji kubadili uso. Walisoma Yasini mbele ya televisheni iliyofunikwa shuka. Kesho yake bibi alizikwa Mombasa, na baba alikwenda kazini kupakia mizigo ya ndege, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yake.

Kanda ile haikumaliziwa. Nani alishinda, kwetu hakuna aliyewahi kutaja, ingawa leo ningeweza kujua kabla chai haijapoa. Vijana wetu hawaelewi jambo hili. Wao hujua kila kitu papo hapo, hata misiba huwafikia kwenye simu na picha juu yake, wakaweka kialama cha chozi, wakaendelea kula. Nawacheka, lakini pia nawaonea wivu. Siku hizi hakuna waya wa kuchomoa ukutani.

Baba sasa ni mzee, anaishi kwangu, na hakuna simu asiyoipokea. Wauza bima, matapeli, watu wa kampeni, wote huwasikiliza mpaka mwisho na kuwashukuru. Nyingi ya simu hizo huanza na kimya, mashine iliyopiga ikijitafuta. Mwanangu humwambia, "Babu, it's spam, just hang up," na kukimbilia kuikata. Baba huizuia kwa kiganja. Huibana simu kwenye lile sikio lake bovu, hufumba macho, na kukiambia kile kimya taratibu, bila haraka yoyote:

"Nipo. Vuta pumzi, useme. Nakusikia."