Risiti za Mama Mkwe

Naona haya kulisimulia hili, lakini mjomba Seif ameshalitangaza mtaa wetu mzima wa Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, basi bora mlisikie na kwangu, angalau kwangu halina chumvi nyingi.

Mimi ni mhasibu (natengeneza mishahara ya karakana moja kule eneo la viwanda la Ghala, si zaidi ya hapo), na ukweni kwangu mhasibu ni mtu anayejua kila kinachohusu fedha. Shemeji yangu Nassor alikuja likizo kutoka Kanada, akatuhadithia kwamba kule ukinunua hisa za kampuni inayotafuta madini, hata kama haijaokota kijiwe kimoja, serikali inakupunguzia kodi, kisha akarudi zake. Ijumaa iliyofuata, baada ya chakula, mama yake, yaani mama mkwe wangu Bi Zuwena, akaniuliza mbele ya watu wote kama na sisi wa huku tukinunua tutapata nafuu hiyo. Nilitakiwa kusema sijui. Nikasema ndiyo, tutapata.

Mjomba Seif, kaka yake Bi Zuwena, akauliza tutapunguziwa kodi gani. Swali zuri, maana Maskati mishahara yetu haikatwi kodi, na mimi ndiye ninayeitengeneza. Ningeweza kucheka yakaisha, lakini nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye diploma kwamba ni ile kodi ya dukani, inayoandikwa chini ya risiti, kwa hiyo kila mtu atunze risiti zake.

Wakatunza. Baada ya wiki tatu nikaingia barazani nikakuta mifuko ya plastiki imepangwa ukutani, risiti za mchele, za sabuni, za friji, nyengine wino umeshafutika kwa joto la gari, na mjomba Seif amezifunga zake kwa mipira. Halafu nikaona mikono ya Bi Zuwena mitupu. Bangili zake, alizopewa na marehemu mumewe, zilikuwa mkobani, kwa sababu alasiri ile alikuwa anakwenda soko la Matrah kwa sonara kuziuza, apate fedha za hisa. Hapo niliogopa kweli, na bado sikusema kitu.

Aliyetuokoa ni yeye mwenyewe, alipotaka Nassor apigiwe simu atuelekeze risiti zinapelekwa wapi. Ikawekwa spika, na Nassor (kwake ndiyo kwanza kunakucha) akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ile ni kwa sisi tunaolipa kodi ya mapato huku Kanada. Nyinyi huko mnalipa?"

Mjomba Seif akaanza kufungua mipira yake mmoja mmoja.

"Wewe ulikuwa unajua?" Bi Zuwena akaniuliza.

"Nilikuwa sijui, mama."

"Basi si ungesema, mwanangu. Miye nngeuza bangili zangu kwa sababu wewe unaona haya kusema hujui."

Akazirudisha mkononi. Ya mwisho ikakwama, akaagiza sabuni, na niliyekwenda kuileta ni mimi, nikasimama nimeishika mbele ya ukoo mzima mpaka bangili ikapita.

Tangu siku ile nimeapa, pale nyumbani mimi sijui kitu. Ijumaa iliyopita Bi Zuwena aliniuliza kama nimeshiba, nikasema sijui, akaniongeza wali.