Hodi za Suvarna

Suvarna Kansakar wa Patan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu wa kusoma barua, na uvivu huo ndio uliomponza.

Kazi yake ilikuwa kutunza programu ya kampuni inayosambaza masomo ya video. Mtu akifungua somo popote Nepal, kompyuta za kampuni zilizoko Mumbai, Singapore na Ujerumani zilibisha hodi kwenye mtandao wake, kila moja ikipima jibu linachukua muda gani kurudi. Iliyojibiwa upesi kuliko zote ndiyo iliyopewa kazi ya kumhudumia. Ulikuwa ujanja wa haja, na Suvarna aliuonea fahari. Ila mwenye mlango hakuulizwa kama anataka kugongewa. Hodi za waungwana ni tatu, ukikosa jibu unaondoka. Za Suvarna zilikuwa mia kwa saa.

Baba yake, mfua vyombo vya shaba, hupiga muhuri wake chini ya kila sufuria, ili ikivuja mteja ajue pa kuirudisha. Suvarna naye aliandika ndani ya kila hodi: "Hatuna nia mbaya. Malalamiko leteni hapa," na anwani. Kisha barua za anwani hiyo akazielekeza kwenye kabrasha ambalo hakulifungua kwa miezi saba. Muhuri alikuwa nao, duka ndilo lililokuwa limefungwa.

Alilifungua siku bosi wake alipotaka idadi ya malalamiko. Barua tano zilitoka kwa Dilmaya Ghale, mtunza mtandao wa zahanati moja huko milima ya Gorkha. Ya kwanza ilikuwa na adabu zake: "Ndugu, mashine zenu zinatugongea mchana kutwa. Tafadhali acheni." Ya tatu ilisema: "Fundi wa wilaya anasema huyu ni mwizi anatafuta dirisha. Ni nyinyi kweli, au kuna mtu anatumia jina lenu?" Ya tano ilikuwa fupi: "Tumeshampata. Ni shemeji yangu Asbir, aliyejifunza kompyuta Malaysia. Tumemtaja mbele ya mkutano. Msijisumbue."

Aibu ilimshika Suvarna mpaka masikio yakamwaka moto. Alizizima hodi za zahanati ile, kazi ya dakika moja tu ambayo angeweza kuifanya tangu barua ya kwanza. Kisha akapiga simu.

"Dada Dilmaya, Asbir hana kosa. Kulikuwa na, eh, hitilafu ndogo ya mfumo."

"Huo mfumo una mama?"

"Sijakuelewa, dada."

"Nauliza una jina, una ukoo? Mimi nimemwita mtoto wa watu mwizi hadharani. Uchumba wake umevunjika, mdogo wangu! Leo nikawaambie watu mfumo unaomba radhi? Wenyewe hawa hapa uani, wanapepeta ulezi. Naweka spika. Sema kwa kinywa chako."

Suvarna alisikia nyungo zikinyamaza moja baada ya nyingine. Alikuwa ameandaa maneno mazuri ya kiofisi, akayaacha yote.

"Naitwa Suvarna Kansakar," akasema. "Hodi zile ni zangu. Asbir hakugusa kitu."

Mwanamke mmoja akaguna. "Si niliwaambia?" akasema mwingine, na bila shaka hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Kisha ikaja sauti ya kijana, taratibu, haina hata chembe ya hasira. "Kaka, Asbir hapa. Shemeji alikuandikia mara tano. Ulikuwa unaumwa?"

Hakuwa akimkejeli. Watu wa kule, mtu asipoitikia, hudhani kwanza ni mgonjwa. Suvarna angesema ndiyo, ua mzima ungempa pole, na pengine wangemwombea.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa mzima."