Kuku Aliyeokwa Rodi bila Oveni

Wiki iliyopita kikundi chetu cha akina mama hapa Rodi Kopany kilitembelewa na bibi wa mapishi kutoka mjini. Alikuja kutufundisha kuoka kuku, viazi, karoti na vitunguu katika chombo kimoja. Mjane mmoja mzee alikuwa ametoa kuku wake wa pekee aliyekuwa akitaga.

"Haya, washeni oveni," mgeni akasema.

Tukatazamana. Nani ana oveni Rodi?

"Basi hakuna somo," akasema, akianza kuvua aproni. Na kuku alikuwa ameshachinjwa. Kwa joto lile angeoza kabla ya jioni.

Mjane hakubishana. Alipanga nyama na mboga ndani ya sufuria, akafunika, akaiweka juu ya jiko la makaa, kisha akajaza makaa mekundu juu ya kifuniko. Ndivyo tunavyooka keki za harusi huku.

"Mama, huo ni ushamba," mgeni akasema, ameziba pua kwa leso.

"Kaa tu, nyathina," mjane akamjibu, kama anayembembeleza mtoto wake. "Utakula."

Kuku alitoka ameiva, ngozi ya kahawia. Mgeni akala paja la kwanza, akala na la pili. Kisha akatoa daftari na kuandika: "Nimewafundisha akina mama kuoka bila oveni."

Niliishia darasa la saba, lakini uongo wa mstari mmoja naweza kuusoma. Mjane hajui kusoma. Alikuwa ameinama, akimfungia mgeni kidari kwenye jani la mgomba, awapelekee watoto wake.