Machela ya Watu Wanne

Ukitaka kumjua Gorret wa Bwera, anza na mamake, aliyepooza miguu na anayelala hatua chache kutoka ukingo wa mto Lhubiriha. Pa kuhamia hawana. Gorret hushona sare za shule mlangoni, watoto wake wawili pembeni, simu juu ya cherehani.

Kikundi chao cha mafuriko kilikuwa kizuri, bila kutia chumvi. Maate, mkulima wa kahawa huko mlimani, akiona maji yanapanda alimpigia Gorret. Gorret aliwapigia Hamuza, dereva wa lori, na majirani watatu. Hao wanne walimbeba mama kwa machela mpaka kanisani, kwenye mwinuko.

Mara mbili walimbeba katika mvua, na mara mbili mto haukufurika. Hamuza, ambaye mdomo wake hauna breki, alinung'unika wiki nzima. Gorret aliona haya hata akampigia Maate: "Kaka, usipige simu kama hauko na hakika."

Maate akatii, maskini. Mara ya tatu aliteremka kwanza hadi darajani kuhakikisha. Simu yake ilipolia kwa Gorret, nyumba ya Hamuza ilikuwa imeshabomoka. Kwa Gorret maji yalifika kwenye godoro, yakarudi.

Mkutanoni wote walimnyooshea Maate kidole, naye akajitoa kikundini. Hakuna aliyeona kwamba manung'uniko ya Hamuza yalimtia Gorret aibu, na aibu ya Gorret ikamchelewesha Maate. Gorret aliona. Alinyamaza, na kunyamaza huko kukawa kunamla.

Mawingu ya Oktoba yalipojikusanya, alipanda mlimani kuomba msamaha. Maate alimsikiliza huku akianika kahawa.

"Nitakupigia wewe tu," alisema. "Wale wengine, hapana."

Gorret akashuka mbio kwa Hamuza, akakiri kila kitu, akidhani ukweli utawarudisha pamoja.

"Kumbe ni wewe ulimuchelewesha?" Hamuza alisema polepole. "Pole, dada. Kwa neno yenu mimi sibebi mutu tena."

Wale watatu walimjibu vivyo hivyo.

Jioni Gorret alishika mwisho mmoja wa machela, akainua. Upande wa pili ulibaki sakafuni. Mamake alikuwa akimtazama kutoka kitandani.

"Simu ikilia, wewe kimbia na watoto," mama alisema. "Mimi unifungie tu mulango, nisione maji ikiingia."