Mkaguzi wa hesabu na wateja wa kinu cha Kapsirat

Saa tatu asubuhi, ukungu umekaa katika bonde la Kapsirat kama maziwa ndani ya kibuyu. Gichana Onyancha amelala kifudifudi kwenye sakafu ya kinu cha maji, mkono mmoja chini ya jiwe la kusagia, akipapasa kama jiwe lina ufa. Kinu hiki hakijasaga tangu mwaka jana. Mfereji umezibwa kwa mbao, na gurudumu limeota majani.

Amekuja kujua jambo moja: je, kampuni ya watu kumi na mmoja, iliyoishi kwa kusaga mahindi, ina nguvu ya kuiacha kazi hiyo na kuingia katika chai?

Akiwa bado chini, anasikia hatua za miguu kwenye njia. Kikapu kinatuliwa mlangoni. Mtu anashusha pumzi, pumzi ya mwanamke aliyebeba mzigo mzito mgongoni.

"Chamgei," sauti inamsalimu kwa Kipsigis.

"Chamgei mising," Gichana anajibu bila kuinua kichwa. Anasikia senti ikidondoka ndani ya kopo la bati lililopigiliwa ukutani, mahali wateja walipozoea kulipia.

Anainuka, anajipangusa magoti, anatoka nje. Hakuna mtu. Mvua ilinyesha alfajiri, na njia yote kutoka barabarani ni tope laini. Juu ya tope hilo kuna alama za viatu vyake mwenyewe, zikija. Basi.

"Nilisimama pale mpaka nikasahau nilitoka kufanya nini," anasema Gichana, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. "Halafu nikarudi ndani. Nilikuwa sijamaliza kupima jiwe."

Gichana ni mtu wa Kisii, karibu na mpaka wa Sotik. Kwa miaka tisa alikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha chai huko Kericho, akipima majani ya wachumaji. Hesabu za biashara alijifunza kwa posta, akisoma masomo yake jikoni huku mkewe, Syprose, akipika. Alipoacha kiwanda alinunua baiskeli, na sasa huzunguka Kapkatet, Sigor na Siongiroi akikagua maduka, vinu na kampuni ndogo za Waafrika. Mwezi mzuri humpa shilingi tisini. Mwezi mbaya humpa matope tu.

"Mwaka huu wa hamsini na nane kila mtu anataka chai," anasema. "Wenye duka la ngozi wanataka chai. Wenye mabasi wanataka chai. Mimi huwauliza swali moja. Mche unakaa miaka mitatu kabla haujakupa majani ya maana. Katikati hapo mtakula nini?"

Wanachama wa Kampuni ya Kinu ya Kapsirat walikuwa na jibu, na jibu hilo ndilo lililomtatiza.

Kinu kilikufa polepole. Kinu cha dizeli kilifunguliwa sokoni, wateja wakahamia huko. Kisha msagaji mwenyewe, mume wa mwanachama mmoja, Mama Rebeccah, akafariki wakati wa masika, na mlango ukafungwa. Lakini mwenyekiti, Mzee Kipkemoi arap Ng'eno, alipokwenda baada ya mwezi mmoja kuchukua kopo, alilikuta limejaa. Senti kumi kumi, zile zenye tundu katikati, zimepakwa unga. Mwezi uliofuata, vivyo hivyo. Ziliingia shilingi karibu sitini kila mwezi, sawa na siku kinu kilipokuwa na foleni.

"Mimi nilishukuru Mungu," arap Ng'eno alimwambia Gichana. "Wewe unataka niulize pesa imetoka wapi? Pesa inaingia."

Kwa nguvu ya mapato hayo mwenyekiti alitaka kampuni ikope lori la kubeba majani ya chai. Benki haikuhusika. Muuza malori wa Kericho alitaka malipo ya kwanza ya shilingi elfu mbili na mia tano, halafu mia na ishirini kila mwezi. Kampuni ilikuwa na elfu moja na mia tisa. Pengo lingezibwa kwa ng'ombe wa wanachama. Mama Rebeccah, ambaye ana ng'ombe wanne na watoto watano, alikuwa ameandikiwa kuuza watatu.

Gichana alianza kwa kumshuku mtu. Alidhani mwenyekiti anatia pesa zake mwenyewe ili wenzake wapate moyo wa kukubali lori. Aliuliza huku na huko, akagundua kwamba mzee alilazwa hospitalini karibu mwezi mzima kwa ajili ya mguu, na kopo lilijaa kama kawaida. Kwa wengine hakuona mwenye shilingi sitini za kutupa. Ndipo akaamua kukaa kinuni mwenyewe, mchana, mlango wazi.

Baada ya ile salamu aliweka kiganja chake juu ya jiwe. Lilikuwa na joto, joto la jiwe lililosaga tangu asubuhi. Kulikuwa na harufu ya unga mpya, ile inayowasha pua kidogo. Lakini sakafu ilikuwa kavu na tupu, na mbao za mfereji zilikuwa mahali pake.

Walikuja wengine wawili kabla ya saa sita. Mmoja alikohoa. Mwingine alicheka kidogo, kama anayeongea na mwenzake njiani. Kila mmoja alisalimu, na Gichana akajibu, kwa sababu hakujua namna ya kutojibu. Senti ikadondoka, mara ya pili, mara ya tatu.

Alipoondoka alipita nyumbani kwa Mama Rebeccah. Alimkuta akikamua. Alimweleza yote, akitegemea atacheka au atalia.

"Uliwajibu?" mama akauliza, bila kusimamisha mikono.

"Niliwajibu, mama."

"Umefanya vizuri. Mimi pia nikipita huwajibu. Hawana ubaya. Wamezoea tu kuja."

"Ni akina nani?"

"Sauti ya mmoja ninaijua. Tulimzika kabla ya mume wangu." Akainua kibuyu, akakitazama kama kimejaa. "Lakini karani, hao ng'ombe wangu, wanachama wataniachia?"

Gichana anasema swali hilo lilimtia baridi kuliko yote aliyoyasikia kinuni.

Mkutano ulifanyika Jumamosi katika darasa la shule ya misheni, wanachama wakiwa wamebanana kwenye madawati ya watoto. Gichana alisoma: fedha taslimu, shilingi elfu moja na mia tisa. Madeni, hakuna. Mawe mawili mazima. Ekari tatu za mteremko kando ya mto, udongo mwekundu, unafaa chai. Akakunja karatasi.

"Na kopo?" arap Ng'eno akauliza.

"Kopo sikulihesabu, mzee."

Darasa likanung'unika. Mwenyekiti akasimama, akijiegemeza kwenye fimbo. "Mwaka mzima nimehesabu hiyo pesa kwa mikono hii. Nimenunulia misumari, nimelipa kodi. Hakuna mtu dukani aliyeikataa. Wewe ni nani kusema si pesa?"

"Sikusema si pesa. Nasema inalipwa kwa kinu. Mkikibomoa, mkiuza mawe, mkanunua lori, mzee, hao wanaolipa watapanda lori?"

Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani, na Gichana anakumbuka kwamba watu wawili waliokaa karibu na mlango walihama wakaja kukaa mbele.

Kisha Mama Rebeccah akasema kwamba yeye hauzi ng'ombe. Walipoinua mikono, tisa walikataa lori. Walikubaliana kununua miche na kupanda ekari mbili, na nusu ya fedha ibaki ya kulipia palizi hadi chai ikomae. Mawe hayauzwi. Pesa za kopo zitakaa peke yake, na zitatumika kwa kinu tu. Mwezi huu zimenunua mabati mapya ya paa.

Arap Ng'eno alitoka bila kumpa Gichana mkono. Lakini jioni alimfuata barabarani, akamkabidhi ujira wake ndani ya kitambaa. Gichana akakifungua: senti kumi kumi, nyeupe kwa unga.

"Samahani, mzee. Nipe za mahali pengine."

Mwenyekiti akamtazama, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu wafahamiane. Akatoa noti mfukoni. "Hata mimi," akasema kwa sauti ya chini, "nyumbani sizilazi. Huziacha kwenye banda la kuku."

Gichana ni shemasi kanisani kwake, na hapendi kuulizwa anaamini nini kuhusu Kapsirat. "Katika hesabu kila kitu kina mahali pake pa kuandikwa," anasema. "Kile sikukipatia mahali. Nilichoweza ni kuzuia watu walio hai wasikiegemee."

Wiki ijayo anakwenda Sigor, kwa wauza ngozi wanaotaka kufungua duka la vyombo vya maziwa. Magoti yameanza kulalamikia baiskeli. Anataka kukodi chumba kimoja Kapkatet, chenye dirisha linalotazama barabara, ili wenye biashara wamfuate yeye. Ameweka akiba ya kodi ya miezi miwili, na anataka kufikisha sita kabla ya kuhama.

Syprose hakungoja. Ameshashona pazia la dirisha, la maua mekundu, na kulikunja vizuri juu ya sanduku. "Amelikata kwa kukisia," Gichana anasema, akicheka. "Sasa inanibidi nitafute dirisha la kulitosha."