Bibi Niliyempeleka Hospitali Kuwa Ushahidi

Mwaka wa pili huu nachoka hadi kuinua mkasi wangu wa kushonea ni kazi, na kila daktari ananijibu, "Vipimo viko safi, mama. Ni mawazo." Mawazo gani yanavimbisha magoti? Kwa hasira nikajiunga na kundi la wagonjwa wenzangu mtandaoni. Huko tulishakubaliana, bila daktari hata mmoja, kwamba ugonjwa wetu ni wa kurithi. Nikamkumbuka bibi yangu wa kijijini Sapiwi, anayelalamikia uchovu uleule kila akinipigia simu. Nikamleta mjini Bariadi hadi mbele ya daktari.

"Mtazame!" nilifoka, mlango uko wazi na foleni nzima inasikia. "Damu ndiyo hii!"

Bibi akanishangaa. "Mjukuu wangu, babu yako alinioa wakati baba yako tayari anachunga ng'ombe. Damu yangu umeipatia wapi?"

Nililijua hilo tangu utotoni. Nililisahau kwa sababu ndiye aliyenilea.

"Sasa wewe, bibi, uchovu wako ni wa nini?" daktari akauliza.

"Shamba la pamba nalilima peke yangu, baba. Na huyu, tangu aolewe, hajaja kunijulia hali mpaka leo alipotaka damu."