Uyoga wa Evelina Usiotiwa Maziwa

Evelina wa Magamba ni mtu wa maziwa. Tabia za ng'ombe wake anazijua kuliko za Tobia, mumewe. Kwake hakuna chakula kinachoyakwepa maziwa: maharage yanatiwa, mchicha unatiwa, na sufuria yoyote kabla haijainjikwa motoni hupakwa samli kwa vidole. Mimi ni jirani yake, Mama Selemani, na unene huu mnaouona ni kazi ya mikono yake.

Sasa juzijuzi Klara, binti yake, alirudi likizo kutoka Dodoma anakofundisha. Evelina akampokea na kikombe cha maziwa ya moto. Klara akakiweka mezani, akasema kwa adabu kwamba siku hizi hali nyama, hali mayai, wala maziwa hanywi. Mwili umekuwa mwepesi, alisema, na anapenda hivyo.

Evelina akatabasamu, akatoka nje. Nilimkuta bandani analia, amemwegemea ng'ombe.

"Mama Selemani, maziwa haya ndiyo yaliyomsomesha. Leo anayakataa. Si ananikataa mimi?"

"Muulize basi!"

"Nitaanzia wapi?"

Huyo ndiye Evelina. Fahali anamkaripia mpaka anarudi nyuma, lakini swali la moyoni linamkwama kooni. Basi siku zikapita, mama na mwana wanasalimiana vizuri mno, shikamoo, marahaba, kama watu waliokutana ofisini. Klara anakula ugali na kabeji pembeni. Mimi nilichukia kabisa.

Asubuhi moja akaniita. "Njoo tupike. Leo lazima ale mkono wangu."

Alikuwa amenunua uyoga kwa Elinuru, anayeuotesha kibandani kwake, ule mkubwa wenye vichwa vya mviringo. Tuling'oa vikonyo, tukavikatakata pamoja na kitunguu, karoti na liki, tukavikaanga kwa mafuta ya alizeti, tukachanganya na maharage yaliyopondwa. Mchuzi mzito wa kumwagia juu tuliutengeneza kwa korosho zilizolowekwa hadi zikalainika, tukazisaga na kitunguu saumu, limao na chumvi. Ulikuwa mweupe, ungeapa ni maziwa. Nikaonja, nikaonja tena, mpaka akanichapa mkono kwa mwiko.

Tukavijaza vile vichwa, tukavipanga kwenye sufuria, tukafunika, tukaweka makaa juu ya mfuniko kama tunavyooka keki. Havikukawia. Harufu ikamtoa Klara chumbani.

"Mama, kitu gani hicho?"

"Chako. Hakina nyama, yai wala maziwa."

Klara akachukua kimoja, akakipuliza. Hapo nikamwona Evelina anavitazama vidole vyake. Akavinusa.

"Usile!" alimaka. "Sufuria nimeipaka samli. Mkono umeenda wenyewe!"

Nilitamani kumfinya. Nani angejua? Mtoto ameshafungua mdomo, yeye anaungama kama yuko mbele ya mchungaji! Lakini Evelina hajui kudanganya, na maziwa yake hayajawahi kuongezwa maji.

Klara akakirudisha taratibu kwenye sahani, akamtazama mama yake. "Yaani umehangaika hivi kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya nani mwingine?"

Klara alifunga kanga kiunoni, akachukua sufuria nyingine, akaisugua kwa majivu mpaka ikang'aa, akaipaka alizeti. Vichwa vingine vilikuwa vimebaki. Wakachuchumaa wote wawili kuvijaza, na ile sufuria ya samli nikaibeba mimi, nikaenda kugawana na Tobia pale mlangoni. Sikuwa na sababu ya kuiacha ipoe.

Ndipo swali likatoka. Evelina alihamia Kishambaa, kama anavyofanya moyo ukimuuma, akamuuliza bila kuinua macho: "Umenikataa, mwanangu?"

"Nimeacha maziwa, mama. Wewe nitakuachaje?"

Evelina akalia, Klara akalia, na mimi, mdomo umejaa uyoga, sikubaki nyuma.

Sufuria ya pili ilipoiva, Klara alichovya kichwa kimoja kwenye mchuzi, akakimega. Nusu akala mwenyewe, nusu akamlisha mama yake. Evelina akatafuna huku machozi yanamtiririka, akatuangalia wote kwa mshangao.

"Kumbe mtamu," akasema.